Nyundo, rula na V8: Mkasa wa Sunbeam Tiger

Bodi zilifika West Bromwich zikiwa zimeshapakwa rangi. Kiwanda cha Jensen, kilichopewa kazi ya kuunganisha gari hilo kwa niaba ya kampuni ya Rootes, kilikuwa na jina kubwa Uingereza kwa kazi ya mikono. Lakini kabla injini haijashushwa mahali pake, fundi alichukua nyundo kubwa, aina ile ya kuvunjia mawe, akaupiga ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva mpaka ukabonyea ndani. Bati likapisha, injini ikapita. Likaja gari la pili, naye akainua tena nyundo. Yalitoka magari zaidi ya 7,000 kwa mtindo huo kati ya mwaka 1964 na 1967.

Gari lenyewe ni Sunbeam Tiger, yaani Sunbeam Alpine lililotiwa injini ya V8 ya Ford. Najua msomaji wa Dar es Salaam akisikia V8 anaona shangingi la mkubwa likiwasha taa mchana kweupe. Hapa tuko kwenye kigari cha watu wawili, kisicho na paa la kudumu, ambacho mtu mzima akisimama kando yake bonneti haimfiki kiunoni. Habari za kutia injini kubwa kwenye gari dogo la michezo kwa kawaida huanza na Cobra la Carroll Shelby, kwa kuwa Cobra lilishinda mashindano na likapata umaarufu. Mimi naona Tiger lina mengi zaidi ya kusema. Karibu kila tabu inayompata mtu anayebadili injini uani kwake iliwapata Rootes kiwandani, wakiwa na wahandisi wa mshahara na pesa za kampuni.

Alpine lilitoka mwaka 1959, na kwa sura halikuwa na mpinzani wa karibu kwa bei yake. Lilikuwa na mapezi mawili nyuma kama magari ya Marekani ya enzi hizo, na vioo vya kupandisha kwa mpini wakati wenye MGA bado walikuwa wakifunga mapazia ya plastiki mvua ikinyesha. James Bond wa kwanza wa sinema, Sean Connery, aliliendesha milimani Jamaica katika Dr. No ya mwaka 1962. Chini ya urembo huo, hata hivyo, sakafu ilitoka kwa Hillman Husky, kigari cha kubebea familia na mizigo midogo, na injini ilikuwa ya silinda nne, cc 1,494, baadaye 1,592. Nguvu yake ilikuwa karibu farasi 80. Ukilikaza sana lilifika kilomita 160 kwa saa. Huko California, ambako kijana wa chuo aliweza kununua V8 iliyotumika kwa mshahara wa kazi ya likizo, Alpine lilikuwa gari la kwendea harusini.

Rootes ilikuwa kampuni ya familia. Ndugu wawili wa Kent, William na Reginald, walianza kama wauzaji wa magari, wakaishia kuwa na Hillman, Humber, Singer, Sunbeam na malori ya Commer, majina yaliyopita pia katika barabara za Afrika Mashariki zama za ukoloni. Walijua kwamba Alpine linahitaji nguvu. Walibisha hodi hata kwa Ferrari, wakitaka injini ile ya silinda nne irekebishwe huko na gari lipate jina la Ferrari la kuliuzia. Mazungumzo hayakuzaa kitu.

Wazo lililozaa kitu lilitoka kwa dereva. Jack Brabham, bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1959 na 1960, alimwambia Norman Garrad, mkuu wa mashindano wa Rootes, kwamba Alpine litiwe V8 ya Kimarekani. Norman alikuwa na kijana wake, Ian, aliyesimamia mauzo ya Rootes katika pwani ya magharibi ya Marekani. Ian aliishi jirani na karakana ya Shelby, ambako tayari magari ya Kiingereza ya AC yalikuwa yakivalishwa injini za Ford. Yaani alikuwa akilala mlango wa pili na jibu.

Sasa angalia walivyolitafuta. Ian alimtuma mkuu wa huduma wake, Walter McKenzie, apite kwenye maduka ya magari akiwa na rula ya mbao. Afungue bonneti, apime V8 zinazouzwa, arudi na vipimo. Hakukuwa na kikao cha wahandisi wala mchoro. Rula ile ilionyesha kwamba V8 nyingi za Marekani zilikuwa masanduku ya chuma yasiyoingia popote penye jina la Sunbeam, isipokuwa moja: Ford mpya ya inchi za ujazo 260, lita 4.2. Ford walikuwa wamejifunza kusubu chuma kwa kuta nyembamba, wakapata injini ya kilo 200 hivi, nyepesi kwa V8 ya chuma, isiyouzidi urefu wa ile ya silinda nne kwa kiasi cha kutisha. Upana ndio uliokuwa tatizo. Na jambo moja dogo, ambalo baadaye litakuja kuliua gari hili: distributa yake ilikaa mbele, upande wa redieta, si nyuma upande wa dereva.

Kutengeneza gari la majaribio, Shelby alitaka dola 10,000 na wiki nane. Brian Rootes, mtoto wa mwenye kampuni na mkuu wa mauzo, alikubali pesa zitoke, pengine kwenye fungu la matangazo, mradi mzee asijue kwanza. Ian Garrad hakuwa mtu wa kusubiri wiki nane. Alichukua dola mia chache akampa Ken Miles, Mwingereza aliyehamia California, dereva na fundi, yule ambaye sinema ya mwaka 2019 kuhusu Ford na Ferrari imemfanya ajulikane hata kwa watu wasiojua gia ni nini. Miles alikuwa na wiki moja hivi. Akachomoa injini ya Alpine, akashindilia V8 na gia boksi ya otomatiki ya gia mbili kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, na gari likatembea.

Nalipenda gari lile la Miles kuliko la Shelby, ingawa la Shelby lilikuwa bora kwa kila kipimo. La Miles lilijibu swali la kwanza, ambalo ndilo la msingi: je, inaingia? Ukitaka kubadili injini, usianze na swali la mwendo. Funga vitu kwa haraka, liwashe, litembeze kidogo, litakuambia lenyewe litavunjika wapi. Shelby naye alikuwa na kazi tofauti, kutengeneza kitu ambacho kiwanda kinaweza kukirudia mara elfu. Akaisogeza injini nyuma kadiri ukuta wa bati ulivyoruhusu ili pua ya gari isilemewe, akatia gia boksi ya gia nne ya mkono, akabadili stelingi.

Stelingi ndipo elimu ilipo. Alpine lilitumia stelingi boksi pamoja na vyuma vyake vya kuunganisha magurudumu, na vyuma hivyo vilipita palepale tumbo la V8 lilipotaka kukaa. Huwezi kuisogeza injini mbele, kuna redieta. Huwezi kuipandisha, bonneti haifungi. Ikabidi stelingi yote ing'olewe na kuwekwa stelingi reki, ile ya fimbo ndefu yenye meno ambayo leo iko kwenye Vitz na IST zote za mjini, nayo ikasogezwa mbele ya injini. Ndipo likazuka jambo jipya. Gari linapokata kona, gurudumu la ndani linapaswa kupinda zaidi kuliko la nje, maana linazunguka duara dogo. Reki ilipohamishwa, hesabu hiyo ya pembe iliharibika, na Tiger likikata kona kali kwa mwendo wa polepole, tairi za mbele zinakwaruza lami kwa kubishana. Wenye Tiger mpaka leo wanajua sauti hiyo wakiegesha.

Mwezi wa saba mwaka 1963 gari la Shelby lilipandishwa meli kwenda Uingereza. William Rootes, wakati huo Lord Rootes, alikasirika kugundua kwamba mradi mzima ulipikwa nyuma ya mgongo wake. Kisha akaliendesha. Hasira ikaisha barabarani. Mzee alimtafuta Henry Ford II mwenyewe na kuagiza injini 3,000 kwa mpigo, akataka gari liwe kwenye maonyesho ya New York ya mwaka 1964, miezi minane tu mbele. Kazi ya kuunganisha ilipewa Jensen, ambao walikuwa na nafasi kwa sababu Volvo ilikuwa imeondoa gari lake la P1800 kwao na kulirudisha Sweden. Shelby, aliyetumaini kupewa kazi hiyo, aliambulia malipo kidogo kwa kila gari.

Jina halikutungwa upya. Sunbeam Tiger la kwanza lilikuwa gari la mbio la mwaka 1925 ambalo Henry Segrave alilivunjia rekodi ya dunia ya mwendo kasi mwaka uliofuata kwenye mchanga wa ufukwe wa Southport, zaidi ya kilomita 244 kwa saa. Injini yake ya silinda 12 ilipatikana kwa kuziunganisha injini mbili za silinda sita kwenye kranki shafti moja. Ukoo wenyewe ulizoea mambo ya viraka.

Ukisoma matangazo ya zamani utaona farasi 164, mara mbili ya Alpine. Namba hiyo haielezi hata nusu ya mambo. Kinachobadilisha gari ni nguvu ya kuvuta, na hapo V8 ile ilikuwa na karibu mara tatu ya injini iliyoondolewa, tena inaitoa ikizunguka polepole, mizunguko elfu mbili na kitu kwa dakika. Nguvu hiyo haikai kwenye injini. Inashuka kwenye klachi, gia boksi, shafti, difu, mpaka ekseli za nyuma, na kila mmoja katika msafara huo anapokea mzigo ambao hakuumbwa kuubeba. Ndiyo maana Tiger lilipewa klachi na gia boksi za Kimarekani, na difu nzito ya kampuni ya Salisbury iliyopangwa meno marefu, ili injini isizunguke bure. Ekseli ya nyuma, iliyoning'inia kwenye springi bapa kama za pikapu, ilifungwa fimbo ya chuma ya kuizuia isihame kushoto na kulia dereva anapokanyaga. Ukiona fundi amekutilia injini kubwa na hajakugusia difu, muulize kulikoni.

Betri ilikuwa chini ya kiti cha nyuma kidogo cha Alpine. Ikahamishiwa kwenye buti. Filta ya oili ikatafutiwa makao mapya, juu, karibu na dainamo, kwani pale Ford walipoiweka palikuwa pameshachukuliwa. Kisha kuna plagi. V8 ina plagi nane, na saba zinafikika kwa subira na spana sahihi. Ya nane, ile ya nyuma kabisa, imejificha kati ya injini na ukuta wa bati ambao nyundo iliubonyeza kwa kiasi cha kutosha kupita injini tu, si mkono wa mtu. Suluhisho la Rootes lilikuwa kutoboa tundu kwenye ukuta na kuliziba kwa kizibo cha mpira. Kwa hiyo fundi wa Tiger akifikia plagi ya mwisho anaacha bonneti, anaingia ndani ya gari, anainama kichwa kikiwa chini ya dashibodi na miguu nje mlangoni, anang'oa kizibo, na kufungua plagi kwa kupapasa kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka chini ya kitanda.

Joto ndilo lililowashinda kabisa. Petroli inayochomwa ndani ya injini hugawanyika takribani sehemu tatu: moja inageuka mwendo, moja inatoka na moshi kwenye ekzosi, moja inabebwa na maji kwenda redieta. Ukiongeza nguvu mara mbili, unaongeza mara mbili joto ambalo redieta lazima ilitupe nje. Watu wengi wanakumbuka kuongeza redieta na kusahau kwamba hewa inayoingia kwa mbele lazima pia itoke. Alpine lilikuwa na mdomo mwembamba, na nafasi yake ya injini sasa ilikuwa imejaa V8 ukuta kwa ukuta, huku mabomba ya ekzosi, moto mtupu, yakiwa yamebanwa kila upande pale hewa ilipotakiwa kupita. Barabara kuu lilipoa vizuri. Kwenye foleni ya Los Angeles sindano ilipanda na dereva akaanza kuangalia pa kuegesha. Miaka sitini baadaye wenye Tiger bado wanabishana kuhusu feni zipi, redieta ya shaba au ya alumini, matundu yakatwe wapi.

Kitu kimoja Rootes hawakukigusa, nacho kinanikera kuliko vyote. Breki zilibaki zilezile za Alpine, diski mbele na ngoma nyuma, kwa gari lililokuwa limezidi uzito kwa zaidi ya kilo 150 na ambalo sasa lilifika karibu kilomita 190 kwa saa. Pesa zilikuwa zimekwisha, muda ulikuwa umekwisha, maonyesho ya New York yalikuwa yanangoja. Mtu anayeanza na injini huishia hivyo mara nyingi. Ningekuwa na gari la namna hiyo, breki zingekuja kwanza, hata kabla ya injini kununuliwa.

Mashindanoni Tiger lilipata na kukosa. Yale mawili yaliyopelekwa Le Mans mwaka 1964, yaliyotengenezwa na Brian Lister na kuezekwa paa la kudumu, yalikufa injini yote mawili kabla ya kumaliza, na injini zenyewe ziliandaliwa na kampuni ya Shelby. Kwenye rali lilikuwa kitu kingine. Monte Carlo ya mwaka 1965, katika theluji nzito, Peter Harper alishika nafasi ya nne. Mwaka huohuo alinyang'anywa matokeo katika Rali ya Alpine kwa sababu ya valvu za injini kutolingana na karatasi. Wengine hukamatwa kwa kuziongeza. Za Harper zilikuwa ndogo mno.

Kilicholiua Tiger hakikuwa joto wala breki. Rootes ilikuwa ikivuja pesa, hasa kupitia Hillman Imp, kigari chenye injini nyuma kilichoanza kutengenezwa Linwood, Scotland, mwaka 1963. Chrysler wakanunua hisa mwaka 1964, na mwanzoni mwa 1967 wakashika usukani. Lord Rootes alikuwa ameshafariki mwezi Desemba 1964. Wakuu wa Detroit wakajikuta wanauza gari ambalo ubavuni limebandikwa beji inayotaja Ford 260, injini ya mshindani wao namba mbili. Beji ikabadilishwa, ikaandikwa Sunbeam V-8. Wakaagiza V8 yao wenyewe ijaribiwe. Chrysler walikuwa na ndogo ya inchi 273, lakini ilikuwa pana na nzito kuliko ya Ford, na distributa yake ilikaa nyuma, kwenye ukuta uleule uliokwishapigwa nyundo mpaka basi. Nafasi haikuwepo. Mamia machache ya Tiger la pili, lenye Ford ya lita 4.7, yalitoka, na mwaka 1967 haujafika mwisho kazi ikasimamishwa.

Uingereza kulikuwa na kesi nyingine jirani, na ukiziweka pamoja unaona hesabu ilipo. MG walitaka MGB lenye nguvu, wakatoa MGC mwaka 1967: injini ya silinda sita, lita tatu, chuma kitupu, ikiwa imezidi ile ya MGB kwa takribani kilo 95, zote juu ya magurudumu ya mbele. Waandishi waliliponda, likatoweka mwaka 1969. Wakati huohuo fundi na dereva mmoja wa Kent, Ken Costello, alianza kutia kwenye MGB V8 ya Rover ya lita 3.5. Injini hiyo ni ya alumini. Ilibuniwa na Buick, General Motors wakaichoka, Rover wakanunua haki zake katikati ya miaka ya sitini. Ni kubwa kuliko ya MGC, ila uzito wake unakaribiana na wa silinda nne ya chuma iliyoondolewa. Costello aliuza magari yake mpaka British Leyland wakamwita wayaone, na mwaka 1973 wakatoa lao, MGB GT V8. Lilikuwa zuri. Lilizinduliwa mwezi Agosti. Oktoba vita vya Mashariki ya Kati vikapandisha bei ya mafuta. Yalitoka 2,591 tu. Injini yenyewe tunaijua huku, kwani ndiyo iliyokuwa chini ya bonneti ya Range Rover tangu mwaka 1970.

Ukiniuliza ni gari gani la zamani la michezo linalobadilishwa injini bila machozi, nitakutajia Datsun 240Z, na Afrika Mashariki ina haki ya kulidai. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. Injini yake ya L24 ina cc 2,393. Nissan wenyewe waliendelea kuikuza mpaka L28 ya cc 2,753, kipenyo cha silinda kikitoka milimita 83 hadi 86 na mwendo wa pistoni kutoka 73.7 hadi 79. Kwa nje ni ileile: inakaa kwenye maunti zilezile na kushika gia boksi ileile. Kazi ya siku mbili kwa fundi mwenye winchi. Na wenye tamaa zaidi wanachukua kranki shafti ya injini ya dizeli ya Nissan, LD28, wanaiweka kwenye L28, wanapanua silinda na kupata lita 3.1. Kranki ya dizeli ndani ya gari la mbio! Mtu aliyeigundua lazima alikuwa na chuma chakavu kingi na jioni ndefu.

Kwetu injini hubadilishwa kwa sababu nyingine. Land Rover la zamani linatiwa dizeli ya Toyota au ya Isuzu kwa kuwa yake imekufa na spea hazipatikani, na mwenye gari anataka lifike shamba. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hana haja ya kufundishwa kuchonga maunti au kuunga shafti. Anachosahau mteja ni kadi ya gari: namba ya injini imeandikwa pale, na ukibadili injini bila kubadili kadi utaujua uzito wake siku ya kuuza gari au siku ya ajali.

Huko Marekani na Uingereza nako namba zina vita vyake. Tiger halisi sasa ni mali ya thamani, Alpine si sana, na tofauti yao kwa macho ni ndogo mno. Matokeo yake ni yale unayoyatarajia. Watu wamechukua Alpine, wakatia V8 ya Ford, wakabandika beji, na wengine wakanunua hata kibati cha namba kutoka kwa Tiger lililokufa. Mashabiki wanayaita magari hayo Alger. Klabu moja ya wenye Tiger Marekani iliunda utaratibu wa wakaguzi wanaokuja kulichungulia gari kwa kurunzi, wakitafuta alama za kazi ya mikono ya Jensen mahali ambapo wauzaji hawafikirii kuangalia. Alama zenyewe hawazitangazi, kwa sababu wakizitangaza kesho zitaigwa.

Wanafanya kazi muhimu, maana kuuza Alpine kwa bei ya Tiger ni wizi. Lakini dhambi ya Alger ni ya muuzaji anayedanganya, gari halina kosa. Alilotenda mwenye Alpine uani kwake ndilo alilotenda Ken Miles kwa dola mia chache, na yeye ana nafuu ambazo Miles hakuwa nazo: redieta za alumini, feni za umeme, breki kubwa za kuagiza, na V8 ya Ford ya lita 5.0, ndugu wa damu wa ile 260, iliyotoka kwenye Mustang kwa miaka mingi na kukaa mahali palepale. Anaweza hata kusahihisha hesabu ya stelingi ambayo kiwanda kiliiacha. Mwenye Tiger halisi hathubutu kugusa kitu, asije akapoteza thamani, kwa hiyo anaegesha kwenye kivuli kila sindano ikipanda. Mimi wakiniwekea yote mawili, muuzaji akiwa mkweli, nachukua Alger, na pesa zinazobaki naanza kuzimaliza kwenye breki.